Walinzi wa Sauli na Nyambizi ya Warusi

Somo la juma: 1 Samweli 22:6-23

Ndugu zangu wa Kirumba, mliobaki nyumbani, na ninyi mliopanga chumba Butembo au mnaolala kwa jamaa Lubero na Musienene, nawaandikia nyote.

Kuna video inayozunguka katika simu za vijana wetu. Inaanza na barafu nyeupe isiyo na mwisho. Ghafla barafu inapasuka na mgongo mweusi wa chuma unajitokeza. Picha za namna hiyo ni za kweli. Mnamo Machi 2021, kule kaskazini mwa dunia, nyambizi tatu za Urusi zenye makombora ya nyuklia ziliibuka kwa pamoja kwa kuvunja barafu yenye unene wa mita moja na nusu. Vijana wanatumiana, wanasifu. Na mmoja wao, kijana wa kwaya, mtaratibu, asiye na mzaha, aliniuliza swali ambalo nimeona nilijibu mbele ya wote: "Padri, Kongo ingekuwa na moja tu ya hizi, nani angethubutu kutuchezea?"

Siwezi kumcheka. Siku za mwisho za Juni 2024, Kanyabayonga ilipoanguka na waasi wa M23 wakaingia Kirumba, wengi wenu mlishika barabara ya kaskazini na godoro kichwani, na waliopaswa kuwalinda walikuwa katika barabara hiyo hiyo, wengine wakiwapita. Mtu aliyeona hayo ana haki ya kutamani nguvu. Bendera za Urusi zilizopeperushwa katika maandamano ya miji yetu miaka hii, sidhani zilibebwa kwa kuwapenda Warusi. Watu walikuwa wamechoka na wale waliokwisha kuwaahidi ulinzi.

Basi tukitazame chombo chenyewe, maana ni vibaya kusifu au kulaani kitu usichokijua.

Nyambizi mpya za Warusi za aina hiyo huitwa Borei, na huundwa Severodvinsk, mji wa pwani ya Bahari Nyeupe. Ya kwanza, Yuri Dolgorukiy, ilikabidhiwa kwa jeshi la majini Januari 2013. Ya nane, Knyaz Pozharsky, Julai 2025. Urefu wake ni mita 170: uanze kwenye goli moja la uwanja wa mpira, ufike goli la pili, na bado una zaidi ya nusu ya uwanja wa kutembea. Ndani mna watu zaidi ya mia moja. Kinu cha nyuklia kinaizungusha mashine, na kwa umeme wake hutengenezwa maji ya kunywa na hewa ya kupumua kutokana na bahari yenyewe, hata nyambizi haina haja ya kupanda juu kwa miezi. Kinachoirudisha bandarini ni chakula kupungua na watu kuchoka. Katikati ya mwili wake yamesimamishwa makombora 16 yaitwayo Bulava. Kila moja laweza kuruka zaidi ya kilomita 8,000 na kubeba vichwa kadhaa vya nyuklia. Wataalamu wengi hutaja sita. Pigeni hesabu wenyewe. Na kila kichwa kinakadiriwa kuwa na nguvu mara kadhaa kuliko bomu lililoteketeza Hiroshima.

Kazi yake ni kujificha. Zaburi ya 104 inamtaja Leviathani, mnyama mkubwa ambaye Mungu alimwumba acheze baharini. Huyu wa chuma hachezi. Analala kilindini akisubiri, na ujumbe wake kwa ulimwengu ni mmoja: hata ukiniua, mkono wangu utakuua nikiwa nimekufa. Marekani, Uingereza, Ufaransa, China na India wanazo za kwao, asije mtu akasema padri anawasengenya Warusi. Wakubwa hawa wote huita hali hiyo amani.

Je, ingetusaidia sisi? Tarehe 6 Agosti 2024 askari wa Ukraine walivuka mpaka wakaingia mkoa wa Kursk, ndani ya Urusi, na watu wa vijiji vile wakakimbia na mizigo yao kama mlivyokimbia ninyi wiki chache kabla yao. Nyambizi zote za Borei zilizokuwa zimekamilika zilikuwepo baharini au bandarini, na makombora yake. Hazikumzuia mtu. Silaha ya kuchoma nchi nzima haiwezi kulinda shamba la maharagwe. Mwanangu wa kwaya, hilo ndilo jibu langu la kwanza, na ni jibu ambalo hata asiyesali angekupa. Nchi yetu yenyewe ilikwisha kusema neno lake: Septemba 2022 Kongo iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kupiga marufuku silaha za nyuklia. Na Papa Fransisko, akiwa Hiroshima Novemba 2019, alifundisha kwamba si kuzitumia tu, hata kuwa nazo ni uovu.

Lakini swali la kijana lina upande mwingine uliojificha. Anasema "Kongo ingekuwa na moja" kana kwamba sisi na silaha hizi hatujawahi kukutana. Tulikutana zamani. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Union Minière, aliagiza tani zaidi ya elfu moja za mawe ya urani kutoka Shinkolobwe, Katanga, zisafirishwe hadi New York. Mapipa yalikaa ghalani Staten Island hadi Septemba 1942, jeshi la Marekani lilipokuja kuyanunua. Mawe ya Shinkolobwe hayakuwa na mfano duniani. Mengine yalifikia asilimia 65 ya urani oksidi, wakati penginepo watu wanafurahia mawe yasiyofika asilimia moja. Wachimbaji wetu waliyachambua kwa mikono, bila kuambiwa ni ya nini. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika kuunda mabomu ya kwanza ilitoka pale. Sisemi kwamba ndani ya Borei kuna udongo wetu; Warusi walichimba wa kwao Ulaya ya Mashariki na Asia ya Kati. Ninachosema ni kwamba mashindano yaliyozaa Borei yalianzia kwenye bomu la Hiroshima, na mzizi wa bomu lile ulipita chini ya miguu ya Wakongo.

Wala simlaumu Mungu kwa kuiweka urani mle. Mwaka 1959 kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika kiliwashwa Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa, na mkuu wa chuo aliyekipigania alikuwa padri, Monsinyori Luc Gillon, mwanafizikia. Kilikuwa cha masomo na utafiti. Jiwe ni lile lile.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nichague somo la Samweli. Nilipochunguza majina ya nyambizi hizi nilikuta mojawapo inaitwa Alexander Nevsky, ambaye ndugu zetu Waorthodoksi wanamheshimu kama mtakatifu tangu mwaka 1547. Nyingine ni Knyaz Vladimir, yaani Mtawala Vladimir, mtakatifu pia, yule aliyewabatizisha watu wake mwaka 988. Mabomu ya Warusi yenyewe yalianza kubuniwa Sarov, mji wa monasteri ya Mtakatifu Serafimu. Monasteri ilifungwa mwaka 1927, na tangu 1946 mahali pale pakawa kiwanda cha akili za bomu. Na Wamarekani je? Jaribio lao la kwanza, 16 Julai 1945, waliliita Utatu. Mwaka 1982 walitaka kuipa nyambizi yao ya kushambulia jina Corpus Christi, Mwili wa Kristo. Ni jina la mji wa Texas, kweli, lakini Wakatoliki na maaskofu wao walipiga kelele mpaka likaongezwa neno, likawa "Mji wa Corpus Christi". Ushindi mdogo. Silaha ikabaki ilivyo.

Sisi tusijione wasafi. Nimeona rozari zimefungwa kwenye mitutu katika barabara zetu. Nimeona maji ya dawa yakinyunyizwa asubuhi na ishara ya msalaba ikifuata, kama vile mbinguni na kwa mganga kuna ofisi moja.

Na sisi mapadri? Agosti 1945, kisiwani Tinian, padri wa kikosi cha marubani waliotupa mabomu mawili yale alikuwa Mkatoliki, George Zabelka. Vijana wale walikuwa kondoo wake. Tarehe 9 bomu la pili lililipuka Nagasaki karibu na kanisa kuu la Urakami, kitovu cha Ukatoliki wa Japani, watu wakiwa wamekuja kitubio kujiandaa kwa sikukuu ya Kupalizwa. Katika Wakatoliki wapatao 12,000 wa Urakami walikufa wapata 8,500. Zabelka aliishi hadi 1992, na miaka yake ya mwisho aliitumia kukiri hadharani kwamba alijua raia wanachomwa, na hakuhubiri hata neno moja dhidi ya jambo hilo. Hakutoa amri. Hakugusa kifaa chochote. Alinyamaza tu, na askari wakachukua ukimya wake kuwa baraka.

Ndipo Samweli anaingia. Sauli ameketi Gibea chini ya mti, mkuki mkononi, akilalamika kwamba kila mtu anamsaliti. Mtu mmoja, Doegi Mwedomu, anajitokeza na habari: nilimwona Daudi akija Nobu kwa kuhani Ahimeleki, na kuhani akampa chakula na upanga wa Goliathi. Ahimeleki anaitwa pamoja na makuhani wenzake. Anajitetea vizuri: nilimpa mkate mkwe wa mfalme, mtumishi wako mwaminifu, nitajuaje mambo yenu? Haisaidii. Sauli anawaambia walinzi wake wawaue makuhani wa Bwana, na walinzi wanakataa kuinua mikono. Mfalme anamgeukia Doegi. Doegi anaua makuhani 85 siku ile, kisha anaupiga mji wa Nobu kwa upanga, wanaume, wanawake, watoto wanyonyao, ng'ombe, punda na kondoo.

Watu wa Kirumba hawahitaji mfafanuzi wa Biblia hapa. Usiku hodi inapigwa. Wanaume wenye silaha wana njaa. Unapika fufu, unatoa maharagwe, kwa sababu wana bunduki na kwa sababu wana njaa; moyo wako wenyewe haujui ni sababu ipi iliyokuinua kitandani. Wanaondoka kabla ya jogoo. Siku ya tatu wanakuja wengine, wa upande wa pili, na swali lao wanalo tayari: kwa nini uliwalisha? Ahimeleki yuko katika kila ukoo wetu. Na Doegi naye yuko. Sura ya 21 inaeleza alikuwa amefanya nini Nobu siku ile Daudi alipofika: alikuwa mbele za Bwana, mahali patakatifu. Alikuwa amekuja kusali, kama mimi na wewe. Aliona mkate ukitolewa, akaiweka habari ile moyoni mpaka siku ambayo ingemletea faida. Kwetu mtu hutajwa jina kwa wenye bunduki kwa ajili ya kipande cha shamba, kwa ajili ya deni, kwa ajili ya mahari isiyokwisha. Nawaambia hili kama mchungaji wenu, bila kuzunguka: ndimi zimeua Lubero.

Lakini juma hili nataka tuwatazame walinzi. Hawana majina. Wao ndio nuru pekee katika sura ile, na wahubiri tukiwakumbuka huwa tunawasifu haraka na kuendelea. Walimkataa mfalme ana kwa ana, jambo la kufa. Heko kwao. Kisha walifanya nini? Andiko halisemi kwamba yeyote alimshika Doegi mkono. Halisemi kwamba yeyote alimwambia Sauli, "Bwana wangu, ngoja, tupate hewa, tuzungumze." Walikataa, wakasimama pembeni, na makuhani 85 wakafa mbele ya macho yao safi.

Sasa nirudi chini ya bahari, maana huko kuna mtu aliyefanya kile ambacho walinzi hawakufanya.

Babu wa Borei aliitwa K-19, nyambizi ya kwanza ya Kisovieti iliyoendeshwa kwa nyuklia na kubeba makombora. Tarehe 4 Julai 1961, ikiwa Atlantiki ya kaskazini, bomba la kupooza kinu lilipasuka. Hapakuwa na mfumo wa akiba. Mabaharia waliingia kwa zamu kwenye chumba cha kinu kuunganisha mabomba kwa mikono, wakijua kiasi na wasijue kiasi, na wanane kati yao walikufa ndani ya wiki tatu, miili ikiwa imeharibika vibaya. Nahodha Nikolai Zateyev, akiogopa uasi, alitupa baharini karibu silaha zote ndogo za chombo. Afisa mmoja aliyekuwa upande wa nahodha siku zile, akishika utaratibu watu wasichanganyikiwe, ni Vasili Arkhipov. Kumbukeni hilo. Huyu hakuwa mtu wa kubishana na wakubwa. Alijua kutii, na alijua kwa macho yake nyuklia inachomfanyia mtu.

Mwaka uliofuata, 27 Oktoba 1962, Arkhipov alikuwa ndani ya nyambizi nyingine, B-59, karibu na Kuba. Hii iliendeshwa kwa dizeli, lakini ilibeba torpedo moja yenye kichwa cha nyuklia. Zilikuwa siku zile ambapo Marekani na Umoja wa Kisovieti zilikuwa ukingoni mwa vita. Manowari za Marekani ziliizingira B-59, zikaanza kudondosha mabomu madogo ya mazoezi kuishurutisha ipande juu. Hawakujua imebeba nini. Ndani, mashine za ubaridi zilikuwa zimekufa. Joto lilipita nyuzi 45. Hewa ilikuwa nzito, watu wanazimia, na Moscow haikusikika redioni. Nahodha Valentin Savitsky alichoka kupigwa bila kujibu. Kwa simulizi ya Vadim Orlov, afisa aliyekuwemo, nahodha aliamini huenda vita vimeshaanza huko juu, akaamuru torpedo ile iandaliwe. Arkhipov, aliyekuwa mnadhimu mkuu wa kikosi kizima na mwenye cheo sawa na nahodha, alipinga.

Natamani kujua alitumia maneno gani. Tunachojua ni matokeo: nahodha alitulia, na B-59 ikapanda juu usiku katikati ya maadui zake, wakiimulika kwa taa, ikageuka na kushika njia ya nyumbani. Huko hawakupokelewa kwa nyimbo. Wakubwa waliona aibu kwamba walionekana. Arkhipov alikufa mwaka 1998, na dunia ilianza kusikia habari ya torpedo ile mwaka 2002. Kama ulizaliwa mwaka 1962 au mwanzoni mwa 1963, ulilala usiku ule wa 1962 mgongoni au tumboni mwa mama yako, huku Lubero, na hakuna aliyekuambia.

Tofauti yake na walinzi wa Sauli ndiyo hiyo ninayoitaka. Hakusema, "Mimi simo, fanyeni wenyewe." Alibaki katika chumba kile chenye joto, karibu na mtu mwenye hasira, akazungumza naye mpaka hasira ikapata pa kutokea. Na aliweza kusikilizwa kwa sababu ya K-19. Wote mle walijua alikopita. Mtu ambaye hajawahi kutii lolote, akisema hapana, wenzake huona ni ukaidi wake wa kila siku.

Kwamba mtu mmoja aweza kuzuia silaha, wenye silaha wanalijua kuliko sisi wahubiri. Wasovieti, miaka ya 1980, walijenga mfumo uitwao Perimetr ili amri ya kurusha makombora iweze kwenda hata kama viongozi wote wamekufa. Na siku hizi juu ya vilima vyetu zinapita ndege zisizo na rubani. Anayeziongoza yuko mbali, hasikii mtoto akilia, hana jirani wa kumgusa bega. Kila kizazi cha silaha kinapunguza idadi ya watu wanaoweza kukataa. Ndiyo maana sishangilii ile video.

Sisi bado tunaua kwa mikono, na humo, ajabu, mna nafasi. Vijana kumi wamemzunguka mtu sokoni. Anasemekana mwizi, au mpelelezi, au mchawi. Mmoja ameshapata gurudumu, mwingine anatafuta petroli. Wako watatu au wanne kati ya hao kumi ambao rohoni wanakataa. Nimewasikia baadaye, wakija kuungama kwamba walikuwepo. "Padri, mimi sikumgusa." Najua, mwanangu. Walinzi wa Sauli nao hawakugusa. Swali la kitubio ni hili: ulimwambia nini yule mwenye petroli? Ni rafiki yako. Mmecheza mpira pamoja. Ana hasira ya kweli, ameibiwa kweli, na polisi hawapo. Ungemshika mkono ukamwambia twende kwanza kwa mzee wa mtaa, ngoja wazazi wafike, ngoja dakika tano. Mara nyingi dakika tano zinatosha kundi kupungua. Si mara zote, na sitawadanganya kwamba hakuna hatari. Wengine wamechomwa pamoja na waliyemtetea.

Jimbo la jirani limetupa mfano uliolipiwa kwa damu. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981, akafanya kazi katika Ofisi ya Kongo ya Ukaguzi, ile inayopima bidhaa mpakani. Mchele ulioharibika ulitaka kupita. Hakukataa kwa kufunga mdomo na kumwachia mwenzake saini. Alimwuliza mtawa aliye daktari mchele ule ungewafanya nini walaji, kisha akahakikisha hauingii sokoni. Alipewa hongo, akaikataa. Alipewa vitisho. Julai 2007 alitekwa, akateswa na kuuawa, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, katika basilika ya Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, Roma, alitangazwa Mwenye Heri. Kijana wangu uliyeniuliza kuhusu nyambizi: mchele ule ungeuzwa Goma, na pengine gunia mojawapo lingepanda lori hadi soko la Kirumba. Wewe wakati ule ulikuwa mtoto wa kula uji.

Hamjaniuliza, lakini najua kuna baba anayesoma haya na kusema, padri anatutaka tuzungumze na wenye bunduki, yeye amewahi? Sikuwaambia mzungumze na wenye bunduki wenyewe. Arkhipov hakuzungumza na manowari za Marekani. Alizungumza na nahodha wake mwenyewe. Kila mmoja ana wa kwake: mwanawe anayetaka kuingia msituni, kaka anayetaka kulipiza, jirani aliyeketi na jina la mtu ulimini akisubiri siku ya faida. Hao wanakusikia. Kina mama, ninyi mmefanya hivi mara nyingi kuliko sisi wanaume, jikoni, usiku, kwa sauti ya chini, na hakuna redio iliyotangaza.

Juma hili kila shirika, la Kirumba na la waliohama, lisome sura ya 22 yote kwa pamoja. Msiishie aya ya 17, pale walinzi wanapokataa, ingawa ni pazuri pa kuishia na nyimbo zinapatikana. Someni mauaji. Kisha fikeni aya za 20 hadi 23: Abiathari, mwana wa Ahimeleki, amenusurika, amemkimbilia Daudi, na Daudi hamwambii pole tu. Anakiri kwamba siku ile Nobu alimwona Doegi, alijua atasema, na kwa sababu yake jamaa yote ya Abiathari imekufa. Kisha anamwomba akae kwake bila woga. Mnaowapokea waliokimbia, na mliopokewa, zungumzeni juu ya aya hizo nne. Wenye viti wa mashirika waniandikie mliyosema, hata kama ni mistari miwili, kabla ya Jumamosi.